Fimbo ya Bei ya Kati Inalala Wapi

Achieng, ambaye tangu wiki iliyopita meza yangu ya kazi ni yake, aliniomba nimwachie maelezo ya kukata fimbo za hoki ya barafu. Alitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Niliuandika nikiwa chumbani kwangu Jumeirah Village Circle, hapa Dubai, nimezungukwa na masanduku yaliyofungwa nusu, kisha nikausoma na kuona kwamba haumsaidii mtu. Ulikuwa na vipimo vyote, ila hakukuwa na kosa hata moja ndani yake, na mimi kazi hii nilifunzwa zaidi na makosa. Kwa hiyo ninaandika upya, kwa ajili yake na kwa watakaokaa kwenye meza hiyo baada yake. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vyeo vilikuwa vichache na mshahara kila mtu anaujua wake.

Nilifika Dubai kama mlinzi katika jumba la maduka lenye uwanja wa barafu. Nilitoka Nyahururu, Kenya, ambako baridi tunaijua, lakini barafu pana kuliko ya kwenye friji ya duka sikuwa nimeiona. Kwa miaka miwili nilisimama nyuma ya kioo nikiwatazama watu wazima, wenye kazi na familia zao, wakilipa ili waanguke. Nilikuwa na kijidaftari cha mfukoni cha kuandikia maswali: kwa nini fimbo zimepinda upande mmoja tu, kwa nini huyu anafunga utepe mweusi na yule mweupe, kwa nini ile ya mtu fulani inalia ikigonga na ya mwenzake hailii. Maswali hayo nilimpelekea mwenye duka la vifaa lililopakana na uwanja. Sote tulimwita Sir, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Baada ya swali la kumi au la kumi na moja aliniuliza kama nimewahi kushika msumeno. Nikamwambia nimekata mbao. Akaona inatosha.

Aliyenifunza ni Bi Zuhura. Ni mzaliwa wa Deira, wa familia ya Unguja iliyohamia huku zamani, na ndiye aliyesimamia ghala letu kule Freezone, eneo la biashara huria la uwanja wa ndege, na kuchagua mzigo wa kuagiza. Siku yangu ya kwanza alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja na chupa yake ya chai ya tangawizi, akasema amekuja kupumzika. Alikuwa amekuja kunitazama.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mrefu. Nilimsimamisha wima, nikamsimamishia fimbo mbele yake, nikaweka alama kwenye kidevu, nikakata. Kipimo cha kidevu ni cha mtu aliyevaa viatu vya kutelezea. Mwalimu alikuwa amevaa raba, na mwenye raba hupimwa puani. Nilikuwa nimesoma mstari wa kwanza wa maelezo kwa makini sana na wa pili sikuusoma kabisa.

Bi Zuhura aliokota kipande kilichoanguka.

"Kukata umekata vizuri, bwana. Hebu kirudishe."

Nilidhani anatania. Lakini alikuwa amenyoosha mkono ananipa kile kipande, na mwalimu anatutazama.

"Hakirudi, Bi Zuhura."

"Ahaa. Basi somo la kwanza hilo. Mengine yote ni hilo hilo."

Mwalimu alipewa fimbo nyingine. Ile niliyoikata fupi tuliitia kizibo cha mti kwa juu ikarefuka, ikakaa dukani miaka mingi kama sampuli. Kipande chenyewe nilikihifadhi. Kiko kwenye droo ya kushoto, Achieng, pamoja na vipande vyote nilivyowahi kukata kimakosa. Si vingi, ila droo ni nzito kidogo.

Wiki zilizofuata alinifundisha namba iliyoandikwa kwenye mpini, ile tunayoiita fleksi. Inakueleza fimbo ni ngumu kiasi gani kuipinda. Namba kubwa ni fimbo ngumu, namba ndogo ni fimbo laini, na mchezaji wa kawaida anaanzia karibu na nusu ya uzito wake kwa ratili. Jambo ambalo wateja hawaliamini ni kwamba ukiikata fimbo inakuwa ngumu zaidi, ingawa ni fimbo ile ile. Nikikuta mtu mfupi anang'ang'ania fimbo ngumu ya mchezaji aliyemwona kwenye televisheni, nilimpa rula ya plastiki aipinde, kisha nikamwambia aishike katikati aipinde tena. Aliyeelewa alicheka. Asiyeelewa alinunua alichokitaka, akarudi baada ya mwezi akilalamika kwamba mikono inamuuma.

Alinifundisha pia mashine ya upepo wa moto. Kizibo cha juu ya mpini kimeshikwa kwa gundi, na ili ukitoe unapuliza moto hadi gundi ilegee. Mara ya kwanza niliielekeza mashine mahali pamoja nikasubiri. Bi Zuhura alinishika kiwiko.

"Usigande hapo, Karanja. Fimbo hii ni nyuzi na gundi, haina kitu kingine. Gundi ikilegea, hizo nyuzi zitashikwa na nani?"

Niliyaandika maneno hayo. Yako ukurasa wa tatu wa daftari langu la kwanza. Nayataja sasa kwa sababu nitayarudia chini, na nitakapoyarudia nitakuwa na aibu.

Sasa niseme habari ya fimbo yenyewe, ile ya bei ya kati, kwa sababu ndiyo tuliyouza kuliko zote na ndiyo iliyokaribia kunirudisha Nyahururu kabla ya wakati wangu.

Wateja wetu hawakuwa mabingwa. Walikuwa madaktari wa meno, marubani, makarani wa bandari, mama wawili waliocheza ulinzi na kutukana kwa upole. Walicheza mara moja kwa wiki. Bi Zuhura ndiye aliyemshawishi Sir aagize fimbo ya kati kwa wingi. Sir alitaka ya bei ya juu kwa sababu inapendeza ukutani. Nilizipima zote mbili kwenye mzani wa jikoni. Tofauti ilikuwa karibu na uzito wa yai moja la kuku. Bingwa analisikia hilo yai. Mtu aliyetoka ofisini, akiingia barafuni mara ya tatu, hasikii yai, anasikia moyo wake. Fimbo ya juu hujipinda karibu na chini na kujirudi upesi, inamfaa mwenye mkono mwepesi. Ya kati hujipinda katikati, polepole kidogo, na inamsamehe anayechelewa kuachia. Inapokosa ni kwenye bapa, ile sehemu pana ya chini inayopiga: paki, kile kisahani cheusi cha mpira, kikitua juu yake hukisikii vizuri, ni kama kushika kitu ukiwa na glavu mbili. Na bapa huchoka kabla ya mpini. Baada ya msimu mmoja na nusu ncha yake inaanza kulegea. Haya niliwaambia wateja kabla ya kununua, na wengi walinunua kwa sababu niliwaambia.

Lakini mimi ni mtu wa kusoma peke yangu, na mtu wa kusoma peke yake hana wa kumwambia nyamaza. Nilisoma mahali kwamba mabomba ya plastiki hupasuka kwa baridi katika nchi za theluji. Nikajiuliza, je, fimbo? Inatoka kwenye nyumba yenye kiyoyozi, inaingia kwenye barafu, inapigwa. Nikahitimisha kwamba baridi ndiyo adui. Sikujaribu, nilihitimisha tu. Kuanzia hapo kila mteja niliyemkabidhi fimbo nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua: "Ipashe moto kwanza. Iache ndani ya gari siku ya mchezo, ikifika barafuni iwe na joto." Walinishukuru. Bi Zuhura, alipokuja dukani, alikuwa akiniita Profesa, na sikuona kwamba ananicheka.

Kiangazi kilichofuata fimbo zilianza kurudi. Ya kwanza ilivunjika chini ya mpini kwenye pasi ya kawaida. Ya pili hivyo hivyo. Zilipofika tisa, zote za bei ya kati, zote zimekatwa na mimi, Sir aliniita mimi na Bi Zuhura nyuma ya duka. Aliongea Kiingereza chake cha taratibu, na alikuwa mtu wa haki, ndiyo maana iliuma.

"Ama fimbo ni mbovu, ama mkataji ni mbovu," alisema. "Kama ni fimbo, Zuhura, wewe ndiye uliyezichagua, na sitaweza kukuachia ghala. Kama ni mkataji, Karanja, nitahitaji mtu mwingine kwenye meza. Msimu unaanza mwezi ujao. Nataka jibu kabla ya hapo."

Mnaofanya kazi hapa mnajua maana yake. Kwangu mimi meza ilikuwa viza, na viza ilikuwa karo ya binti yangu aliyekuwa mwaka wa pili wa uuguzi Nakuru. Kwa Bi Zuhura ghala lilikuwa kazi ya maisha yake. Tulitoka pamoja hadi maegesho. Alipofungua gari lake ndipo aliposema, "Haya Profesa. Wewe una daftari, mimi nina fimbo ghalani. Tazama mambo."

Daftari nilikuwa nalo. Kila fimbo niliyoikata niliandika jina la mteja, simu, uzito, urefu, fleksi, sentimita nilizotoa, na ilipovunjika, mahali ilipovunjika. Nilikaa nalo siku tatu. Vipimo vilikuwa sawa. Nilikuwa nimekata zingine ishirini kwa vipimo hivyo hivyo na bado zilikuwa zinacheza. Nilianza kuamini kwamba fimbo ni mbovu kweli, na nikiri kwamba imani hiyo ilinipa nafuu, kwa sababu haikuwa mimi.

Siku ya nne alikuja Wafula na fimbo ya kumi.

Wafula ni mpishi wa hoteli moja ya Al Rigga, mtu wa Bungoma, mwenye mabega ya kubeba magunia. Kabla ya jikoni alikuwa akikodisha viatu pale uwanjani, na ndipo alipojifunza kuteleza, baada ya saa za kazi, akishikilia ukuta. Sasa alicheza na kikosi cha waanzaji. Fimbo ile ilikuwa ya kwanza kuinunua mwenyewe, si ya kuazima. Aliiweka mezani ikiwa vipande viwili, vimenyooshwa kama maiti.

"Mzee, hii kitu imenidharau mbele ya watu," alisema. "Golikipa amelala chini, goli liko wazi kama mlango wa kanisa. Napiga, paki inabaki, fimbo ndiyo inaenda golini."

"Ulipiga kwa nguvu sana?"

"Nguvu gani? Nilikuwa naisukuma tu kama mwiko."

Nilicheka, naye akacheka, ingawa hakutaka. Nikafungua daftari nijaze. Wakati naandika nilimuuliza, kwa mazoea tu, kama alikuwa ameipasha moto.

"Nimekufuata kama daktari, mzee. Mimi sina gari, unajua. Nikamwomba dereva wa hoteli aniwekee ndani ya van yake, ile inashinda juu ya paa la maegesho. Kutoka asubuhi mpaka saa ya kwenda uwanjani. Wiki nzima saa zingine, akisahau kunirudishia. Ikitoka hapo, huwezi kuishika na mkono mtupu."

Kalamu yangu ilisimama. Mwezi wa nane, paa la maegesho, van iliyofungwa vioo. Na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala juu ya mashine ya upepo wa moto.

"Kwani nini, mzee?" Wafula aliuliza. "Si wewe ndiye uliniambia?"

"Ndiyo," nilisema. "Mimi ndiye."

Sikumweleza zaidi siku hiyo. Nilitaka kwanza kujaribu, maana kosa langu lilikuwa ni lile la kuhitimisha bila kujaribu. Bi Zuhura aliniletea fimbo tatu za kati kutoka sanduku moja. Moja nilimwomba mtu wa uwanja aiweke kwenye chumba cha mashine ya barafu, penye baridi ile ile ya barafuni. Moja ilibaki dukani. Ya tatu ililala kwenye buti ya gari la Bi Zuhura, nje ya ghala, pamoja na kipimajoto cha jikoni ambacho alikitoa adhuhuri, akakitazama, akasema, "Ukiweka mkate humu unaiva." Baada ya siku kumi niliziweka moja moja kati ya viti viwili, nikaning'iniza katikati mtungi wa maji wa lita ishirini, nikapima zinavyopinda.

Ya baridi na ya dukani hazikutofautiana hata unene wa kadi. Baridi haikuwa imefanya kitu. Ya garini, ikiwa bado na moto wake, ilishuka zaidi, na nilipoondoa mtungi haikunyooka sawasawa. Nilipoufunga tena ilitoa sauti ndogo kavu ndani, kama mtu anavunja njugu chumba cha pili. Bi Zuhura aliisikia.

"Nyuzi hizo," alisema. "Hazina wa kuzishika." Hakusema kwamba aliniambia. Hakuhitaji, ukurasa wa tatu ulisema.

Nikawapigia wale tisa. Wanane walikuwa wameweka fimbo garini kwa sababu niliwaambia. Wa tisa alikiri kwamba aliipiga ukutani kwa hasira, na nilimshukuru sana kwa ukweli wake, maana aliniharibia hesabu kidogo na hesabu safi mno hunitia shaka.

Kabla ya kwenda kwa Sir, Bi Zuhura alinivuta pembeni karibu na rafu ya helmeti.

"Sikiliza, mwanangu. Sema ni magari. Ni kweli, ni magari. Si fimbo, si mkataji, sote tumepona. Nani aliwaambia waweke garini, hilo hakukuuliza."

"Akiwauliza wateja je?"

"Hatawauliza. Ana mambo yake."

Alikuwa sahihi kwamba asingewauliza. Nilifikiri juu ya hilo nikitembea hatua zile kumi na mbili hadi ofisini. Nilifikiri juu ya binti yangu. Kilichonisumbua ni Wafula, mtu asiye na gari aliyekwenda kutafuta gari la watu ili atii neno langu. Ningesema magari tu, Sir angejua fimbo zinavunjika kwa joto, na wateja wote wengine waliobaki wangeendelea kuzipasha, kwa sababu Profesa hakuwa amefuta maneno yake.

Nilimweleza Sir yote, tangu mabomba ya plastiki. Nilimwonyesha daftari na fimbo iliyopinda. Aliisimamisha fimbo sakafuni, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu kama anavyofanya akipokea mzigo.

"Uliwaambia watu wangapi?"

"Wote, Sir. Kila niliyemuuzia tangu mwaka jana."

"Na una namba zao zote humu?"

"Ninazo."

Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina. Kisha alinisukumia simu ya ofisi juu ya meza.

"Khalas, basi. Yalla, anza na herufi A."

Ilinichukua wiki mbili. Kila mmoja nilimwambia maneno yale yale: nilikushauri vibaya, toa fimbo garini, ilaze ndani ya nyumba, na kama inalia ukiipinda, ilete dukani. Wengi walicheka. Mmoja aliniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kupigiwa simu na duka linalojishtaki lenyewe. Mama mmoja wa ulinzi alinitukana, kwa upole, kisha akaniuliza kama joto hilo hilo linaharibu na viti vya gari. Nikamwambia sijajaribu. Bi Zuhura alibaki na ghala lake hadi alipoacha mwenyewe, mwaka juzi, akaenda kulea wajukuu. Mimi nilibaki mezani. Sir hakulitaja jambo lile tena, isipokuwa kila mwezi wa sita, bila kusema kitu, aliniwekea kipimajoto cha jikoni juu ya meza. Ni shukrani ya namna yake na ni onyo pia, na nimeyapokea yote mawili.

Binti yangu amemaliza. Anafanya kazi hospitali ya wilaya na anasema kwamba mimi ninaandika mambo mengi kuliko daktari. Ninarudi nyumbani nikiwa na madaftari kumi na moja. La kumi na mbili nimeliacha dukani kwa sababu halijajaa.

Siku yangu ya mwisho Wafula alikuja. Alikuwa ametoka Al Rigga kwa metro na fimbo imefungwa ndani ya taulo la hoteli, na watu, alisema, walimpisha wakidhani amebeba mgonjwa. Ni ile tuliyompa badala ya ile iliyovunjika. Niliifungua. Mpini una mikwaruzo, ncha ya bapa imechoka kama nilivyomwambia itachoka, na mpini ukiutazama kwa jicho moja, umenyooka kabisa. Nilibandua utepe wa zamani nikaufunga mpya, kutoka kisiginoni mwa bapa kwenda nchani, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia.

"Sasa mzee, ukienda, nani atakuwa ananiuliza?" alisema.

Achieng alikuwa tayari amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa amefungua daftari na kuweka rula chini ya mstari wa jina la Wafula. Ukurasa ule una safu moja zaidi ya zile za zamani. Nilianza kuichora kwa mkono pembeni kiangazi kile, na imo katika kila daftari tangu wakati huo.

"Inalala wapi?" alimuuliza, bila kuinua macho.

"Nyuma ya mlango wa chumba changu, madam."

Akaandika.